Godoro la Chumba cha Vitabu

Jumatatu, 3 Machi

"Godoro la kukunja ni la mgeni unayetaka aondoke kesho." Dada yangu huyo, kwenye simu, kabla sijanywa chai. Hoja mbovu. Mtu haondoki kwa sababu godoro linakunjika — anaondoka kwa sababu mgongo unamuuma na hakuna anayemuuliza.

Mama anaishi kwetu watatu kwa zamu, kama kitabu cha kuazima. Kwangu huwa wiki moja tu, kwa kuwa chumba cha pili kimejaa vitabu. Safari hii nataka abaki. Kaka anakuja kumchukua Jumapili. Mpaka hapo lazima niwe nimewashinda.

Kitanda kizima hakiingii pamoja na meza yangu ya kuandikia. Basi, la kukunja.

Jumatano, 5 Machi

Nimesoma kila kilichoandikwa kuhusu magodoro. Povu jepesi hubonyea upesi. La vipande vitatu ni bora kuliko la viwili, maana la viwili mshono wake unakaa kiunoni kabisa. Dukani nimelala juu ya yote. Muuzaji akauliza kama aniletee na shuka. Nimebishana naye juu ya uzito wa povu, nikamshinda. Nimechukua la bluu, gumu kiasi.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeshindwa. Si na dada — na Mama.

Amelala vizuri, kakiri mwenyewe. Lakini asubuhi nimemkuta amekaa sakafuni, kashika mguu wa meza, hataki kuniita.

"Mwanangu, wewe ulijaribu kulala. Mimi kulala nalala popote. Kazi ni kuinuka."

Kurasa zote zile, na magoti sikuyawaza hata mara moja.

Dada kapiga: si alinionya? Nimekata simu. Hoja yake bado mbovu.

Jumamosi, 8 Machi

Tumerudi dukani pamoja — mwenye akili angeanzia hapo. Wamekubali kubadilisha. Mama hakulala juu ya chochote. Alikaa, akainuka. Akahamia jingine, akakaa, akainuka.

"Bibi, ni mazoezi hayo?" muuzaji akauliza.

"Nanunua, baba. Wewe tulia."

Kachagua lenye fremu ya mbao: mchana linakunjwa kuwa kochi, usiku linalazwa, na kimo chake kinamfikia magotini. Sasa meza ndiyo haienei. Nimeihamishia jikoni, naandika kando ya jiko. Mama anasema nimepata wa kubishana naye, sufuria, na yenyewe hainyamazi.

Jioni hii mbao za kochi zimelia; nimechungulia mlangoni. Ameinuka peke yake, bila kushika kitu. Kauliza kutoka chumbani: rafu ya chini kabatini ni ya nani? Nimejibu, yako.  Kisha nimesikia zipu ya begi lake ikifunguka.

Anapanga nguo zake rafuni.

Dada, kaka, nawaambia ninyi wawili: kesho msije kumchukua. Leteni nguo zake zilizobaki kwenu.