Mikono Nyuma

Kaloleni, Voi
Jumapili, 15 Agosti 1976

Kwako Mama mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu mimi binti yako Tryphena, na Baba Wakio, na mjukuu wako. Sisi tu wazima kwa nguvu za Mungu, ni joto tu na vumbi la Voi ambavyo unavijua. Huko Wundanyi mwaionaje baridi? Mguu wako je, unakufikisha kanisani? Na yule ng'ombe mwekundu ameshazaa?

Barua yako aliyoileta Jedidah nimeipata, pamoja na ndizi. Hii yangu naomba usimpe mtu akusomee. Isome mwenyewe polepole kama unavyosoma Zaburi, mlango ukiwa umefungwa.

Uliuliza kama Wakio ameanza kusema. Bado, Mama, na amefika miaka mitatu na miezi minne. Jirani yangu Mama Ndambuki alikuwa akimtania kwamba huyu ni DC, anaitwa mara tatu na hageuki, na sisi tulikuwa tunacheka. Mimi nilijua anasikia, kwa sababu gari moshi likiwa bado mbali yeye hukimbilia mlangoni kabla yetu sote. Mwezi uliopita Baba Wakio alisema kicheko kimetosha, akatupeleka hospitali. Daktari alipiga sufuria nyuma ya kichwa cha mtoto, akapiga tena mpaka mimi nikaruka. Wakio akaendelea kuvuta uzi wa rinda lake. Daktari akasema mtoto hasikii chochote, na hilo gari moshi analijua kwa nyayo, ardhi ikitetemeka. Akasema hawezi kuiga maneno ambayo hayajawahi kumfikia, lakini akili anayo, tena kali. Nililia palepale. Halafu akasema ipo shule ya watoto kama hawa, akikua kidogo atapokelewa, nikafuta machozi.

Amri aliyonipa ilikuwa moja. Nikisema na mtoto nimtazame usoni, nitumie mdomo tu, na mikono niiweke nyuma, asije akazoea mikono akakataa kujifunza kusema.

Sasa nikuambie ambalo sikumwambia daktari. Mchana, joto likizidi, mimi hujilaza kwenye mkeka. Wakio hukaa akitazama ukuta pale penye mtungi, na mikono yake husema. Si mchezo. Hufanya, hungoja, hutikisa kichwa kama mtu aliyejibiwa, kisha hucheka bila sauti. Siku moja nikamwona anapitisha kidole kwenye paji la uso, kutoka sikio mpaka sikio. Mama, hiyo unaijua. Ni kamba ya kubebea kuni. Ni wewe. Ndivyo marehemu dada yangu Mkamburi alivyokuwa akikuita, yeye ambaye hakusikia wala kusema tangu azaliwe. Kisha mtoto akavuta ncha ya sikio mara mbili, na hiyo ni mimi.

Nilisikia baridi na jua la saa nane liko mlangoni. Maneno yale yalikuwa yetu sisi watatu. Nilipomwambia Baba Wakio alicheka, akasema mbona mimi mwenyewe nikilala mchana mikono yangu husema, yeye alidhani nafukuza nzi. Nikapumua. Nikajiambia mtoto ameokota kwangu.

Utulivu huo ulikaa siku mbili. Siku ya tatu nilisimama mbele yake, mikono nyuma kama nilivyoamriwa, nikawa namwambia maji, maji. Alitazama mdomo wangu, akatabasamu. Akapiga mgongo wa mkono wake mara mbili, akafungua viganja, akainua mabega. Mikono yako iko wapi? Hiyo, Mama, mimi sijawahi kuifanya, hata usingizini, kwa maana si yangu. Nimeiona mara moja tu katika maisha yangu.

Uliandika kwamba mtoto amefungwa na mtu wa nyumbani aliyeficha jambo moyoni, kwamba atafutwe, ajaze maji mdomoni, ayateme nje na kusema yaishe, kama wazee walivyokuwa wakitasa. Mimi naamini daktari, ni masikio. Lakini mtu huyo yupo. Ni mimi.

Siku ile ya soko la Mwatate nilikuambia kwamba nilimpungia Mkamburi mkono naye hakuwa akitazama. Nilikudanganya. Alikuwa ananitazama mimi. Wasichana wa darasa langu walikuwa wamesimama kando yangu, tangu asubuhi wanatuita bubu na ndugu yake bubu, nami nikaficha mikono nyuma ya gauni wasinione nikisema naye. Lori lilipoanza kurudi nyuma kuelekea pale aliposimama nilimwita kwa mdomo. Nilimwita kwa sauti yangu yote. Alitazama mdomo wangu, akatabasamu, akapiga mgongo wa mkono mara mbili, akafungua viganja. Mikono yangu ilikuwa bado nyuma. Tangu hapo watu waliacha kukuita Mama Mkamburi, wakakuita Mama Tryphena, na kila wakikuita hivyo mimi huinamisha kichwa.

Basi mbele ya Wakio niliitoa mikono. Nilitia kiganja chini ya kidevu kama kikombe, maji, kama tulivyokuwa tukisema. Alinitazama muda mrefu. Akaenda penye mtungi, akaniletea kikombe. Hilo ndilo neno la kwanza ambalo mtoto wangu amelipata kwangu nikiwa macho. Mdomo nitautumia kama daktari alivyosema, lakini mikono siifichi tena.

Asubuhi hii kabla ya kanisa nimetema maji yangu mlangoni. Wewe ukikasirika, kasirika kwanza, ni haki yako. Kisha utakapoweza, tema maji yako ukielekea huku kwetu, ushuke uje. Nimesahau tulivyokuwa tukisema mvua, na tulivyokuwa tukisema usiogope. Hiyo ya pili naihitaji sana.

Nisalimie mjomba Obadiah na wote wa nyumbani. Nimemwonyesha Wakio kwamba nakuandikia, akapitisha kidole pajini kukusalimu. Kisha akageukia ukuta, akangoja, akatikisa kichwa, akanirudia na kukipitisha tena. Kwa hiyo salamu ni mbili, Mama. Zipokee zote.

Mimi binti yako,
Tryphena