Mstari Anaouruka Baba

Shangazi yangu kipenzi,

Shikamoo. Mimi mzima, ila tangu jana nacheka peke yangu kama chizi.

Kazi bado ni ile ya kulinganisha nakala za tenzi za kale. Mwenzangu anasoma nakala moja kwa sauti, mimi nafuatisha nyingine kwa kidole. Mstari ukikosekana nasema, "Kwangu haupo." Mara nyingi aliyenakili hakusinzia, Shangazi, aliuruka kwa sababu ulimchoma.

Basi jana mwenzangu, yule mpole niliyekusimulia, kasoma beti vizuri, kisha kwa sauti ileile akaendelea, "Nami nataka kukuoa, ukiridhia." Kwa mazoea nikajibu, "Kwangu haupo huo." Akasema, "Basi uongeze." Ofisi nzima iliangua kicheko! Nimeuongeza, Shangazi. Anza kunoa vigelegele.

Halafu, kwenye simu ulinilaumu kwamba simsalimii Baba tangu aseme kazi hii ni ya wavivu. Mbona kila barua kabla ya hii nimemsalimia, tena mwanzoni kabisa! Lakini macho yako hayaoni vizuri siku hizi, na anayekusomea barua zangu ni yeye.

Baba, shikamoo. Najua hapa umenyamaza, na Shangazi anakuuliza, "Mbona umeacha kusoma?" Msomee na mstari huu, tafadhali usiuruke: bila wewe kuwepo, siolewi.

Binti yenu,
wenu nyote wawili.