Ng'ombe Walioitwa Bure

Ngulyati,
Bariadi, Simiyu.
Jumapili, 20 Oktoba 2024

Mpendwa mdogo wangu Josia,

Mhola? Nimeanza na salamu ya nyumbani makusudi, ujue kwamba kabla ya jambo lolote nataka kusikia kama mwili wako uko salama. Kile kikohozi kimekuachia? Unakula chakula cha kupika, au bado ni mikate ya kula umesimama? Nasikia huko Dublin baridi imeshaanza. Vaa vizuri, usitoke kichwa wazi.

Sisi hatujambo. Mama maumivu ya mgongo yamempungua tangu alipokubali kuacha kubeba maji. Baba amemaliza kusafisha shamba la pamba na sasa anabishana na kila mtu kuhusu siku ya kupanda. Mvua ya kwanza imenyesha juzi, kidogo tu, ila harufu ya udongo imetufurahisha wote.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu kwenye WhatsApp siku hizi unanijibu kwa kidole gumba. Nikikupa habari ya msiba, kidole gumba. Habari ya harusi, kidole gumba. Karatasi huwezi kuijibu hivyo.

Nianze na lile uliloniuliza. Umenitafutia kazi ya jioni katika kampuni yenu, niwe nawaandikia programu kutoka huku kila nikitoka ofisini, na Jumamosi pia. Nimeuona wema wako, na najua ulinisemea vizuri kwa wakubwa wako hadi wakanikubali. Jibu langu ni hapana. Sikudharau, wala si kwamba nimetosheka na nilicho nacho. Kuna jambo lilitokea huku mwezi wa tisa, na nataka ulisikie lote kutoka kwangu.

Ofisi yetu pale Bariadi mjini unaikumbuka, vile vyumba viwili juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Mkurugenzi bado ni Kristofa, mimi ndiye msimamizi wa mafundi, na anayeandika sehemu kubwa ya programu zetu ni Shija, kijana wa rika lako. Mwaka huu Kristofa alipokea wateja watatu kwa mpigo. Shule moja ilitaka mfumo wa matokeo, duka la dawa likataka mfumo wa bidhaa, na ushirika wa wafugaji ukataka mfumo wa kuwatumia wenye ng'ombe meseji za kuwajulisha siku ya chanjo. Wote aliwaahidi tarehe za karibu. Nilimwambia hatutaweza. Akasema kampuni changa haichagui, tukaze tu, tutapumzika baadaye.

Aliyekaza ni Shija. Tangu Pasaka hakuwa na Jumapili. Mke wake Joyness alikuwa anamletea chakula ofisini kwenye hotpoti, na mara nyingi akija kuchukua chombo anakuta chakula kimepoa hakijaguswa. Siku moja Shija alikwenda kunyoa, akapitiwa na usingizi kwenye kiti, kichwa nusu kimenyolewa, na kinyozi akamwonea huruma akamwacha, mpaka waliokuwa kwenye foleni wakaanza kulalamika. Tulicheka sana ofisini. Yeye mwenyewe alicheka.

Basi, siku moja Shija alikuwa anajaribu kama mfumo wa wafugaji unatuma meseji. Jaribio kama hilo, wewe unajua, huwa tunalituma kwenye namba zetu wenyewe. Yeye akabonyeza akiwa kwenye namba za kweli. Wafugaji wa Kimali, kule Meatu, wakapata meseji inayowaambia wapeleke mifugo yote josho kesho yake asubuhi.

Wakapeleka. Unaijua Meatu mwezi wa tisa, Josia. Nyasi zimekwisha, mabwawa yamebaki tope, na jua halina huruma. Watu walitoa ng'ombe zizini alfajiri, wakawaswaga mwendo mrefu, wakafika josho wakakuta hakuna daktari wa mifugo, hakuna chanjo, hakuna hata maji kwenye birika la kunyweshea. Wakangoja hadi mchana wakakata tamaa. Wakati wa kurudi, ng'ombe wa Salu, jirani wa Baba mdogo Mayala, akiwa na mimba kubwa, akaanguka njiani. Hakuinuka tena.

Baba mdogo ndiye aliyenipigia simu. Hakufoka. Aliuliza tu kama ile meseji ilitoka kwetu, na nilipomjibu ndiyo, akaniambia nifanye haraka kwenda mwenyewe, kwa sababu maneno yalikuwa yameanza kugeuka. Watu wachache walikuwa wananong'ona kwamba meseji haikutoka ofisi yoyote, ni mkono wa mtu, na aliyetajwa ni Shida, mama mjane ambaye aliwahi kugombana na Salu kwa ajili ya malisho. Wewe umekulia huku, unajua nong'ona ya namna hiyo inaweza kumfikisha mtu wapi.

Kristofa hakutaka twende. Alisema tutume meseji nyingine ya kuomba radhi, inatosha. Nikamwambia watu waliopotoshwa na meseji hawatatulizwa na meseji. Nikaondoka na Shija, tukapanda basi hadi Mwanhuzi na bodaboda kutoka pale.

Tulikuta watu wamekusanyika nyumbani kwa Salu. Shida naye alikuwepo, na wanawake wenzake walikuwa wameacha nafasi kubwa kati yao naye. Ile nafasi niliiona kabla sijaona kitu kingine.

Nilikuwa nimejiandaa kusema kwa niaba ya kampuni. Nilipoanza kueleza habari za mfumo na seva, nikaona nyuso zao haziko nami kabisa. Ndipo Shija akasimama. Alisema kwa Kisukuma kilichonyooka, kila mtu akasikia.

"Meseji niliituma mimi, kwa mkono wangu huu. Hakuna mtu wa hapa aliyehusika. Nilikuwa nimechoka, sikuona ninachobonyeza. Kama kuna wa kulaumiwa, nipo mbele yenu."

Salu akamwuliza mara ya mwisho kupumzika ilikuwa lini. Shija akafikiri, akasema hakumbuki. Hasira ya Salu haikuisha pale, ila tangu hapo hakumwangalia Shida tena. Alinigeukia mimi.

"Dada, na kesho mkichoka tena?"

Sikumpa jibu la kampuni, nilimpa la kwangu. Niliwaahidi mbele ya wote kwamba hakuna meseji itakayotoka ofisini kwetu bila watu wawili waliopumzika kuisoma, na kwamba nisipoweza kulitimiza hilo nitaiacha hiyo kazi. Tulipokuwa tunaaga, Shida akamfuata Shija, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. "Wabeja, ng'wanane," alimwambia, akimshukuru kama mwanawe wa kumzaa. Wanawake wengine wakamsubiri, wakaondoka pamoja naye.

Tuliporudi Bariadi, Kristofa alikuwa ameshaamua. Ushirika wa wafugaji walikuwa wamekasirika, naye akaona njia ya kuwatuliza ni kumwachisha Shija kazi. Aliniita niandae barua. Nilivuta kiti nikakaa. Sikupandisha sauti, wala sikumbembeleza.

"Ukimtoa Shija, atakayekaa mahali pake atachoka vilevile na ataharibu vilevile," nilimwambia. "Tunachotakiwa kubadilisha ni kazi tunavyoifanya."

Akasema wateja wakisikia tunapumzika watakwenda kwingine. Nikamwambia atakayekwenda aende, mimi mwenyewe nitawapigia wote watatu kuwapa tarehe mpya, na kama hataki, basi aandae barua mbili, ya Shija na yangu. Josia, yule mtu naye alikuwa amechoka, macho mekundu kama aliyetoka kwenye moshi. Aliniambia hajafika kwao Ipililo kumwona mama yake tangu mwaka uanze. Kisha akasema, "Haya, piga simu."

Nikapiga. Mwenye duka la dawa alituacha siku hiyohiyo, na maneno aliyonipa siwezi kuyaandika. Shule ilikubali kungoja hadi Januari. Ushirika walikubali kwa sharti kwamba likitokea lolote tena, wa kujibu ni mimi. Nikalipokea sharti hilo.

Sasa ofisi inafungwa saa kumi na moja jioni. Jumapili hakuna kazi. Simu ya dharura tunaishika kwa zamu, na asiye na zamu hapigiwi. Jumapili ya kwanza tu Kristofa akasahau, akampigia Shija. Shija hakupokea. Jumatatu nilikwenda kwa Kristofa kabla hajaweka mkoba chini, tukazungumza, na hajarudia. Sikwambii kwamba mambo yote yamekaa sawa. Yule mteja aliyeondoka ametuumiza, kompyuta mpya tulizokuwa tunazingojea hazitakuja mwaka huu, na kuna siku mkurugenzi wangu ananisalimu kwa shingo upande. Siyumbi.

Ila nimpe haki yake. Alikwenda Ipililo, akachukua mtamba mzuri kwenye zizi la baba yake, akampeleka Kimali na kumkabidhi Salu yeye mwenyewe. Baba mdogo anasema alikaa kule hadi ugali ukaiva, akala na watu.

Wiki iliyopita ikafika siku ya chanjo yenyewe. Meseji niliisoma mimi, akaisoma Shija, ndipo ikatoka. Niliogopa kwamba hakuna atakayeiamini, nikaenda josho mapema na wale wa chanjo. Tulikaa tukitazama njia tupu. Baadaye tukaona vumbi, halafu ng'ombe wa Shida, na nyuma yao wa Salu, na nyuma ya hao sikuweza kuona mwisho. Shija hakuwepo. Nilikuwa nimempa likizo, na Joyness aliniambia kwamba siku hiyo walikwenda kwa wakwe, yeye na mume wake, kwa mara ya kwanza tangu mtoto wao azaliwe.

Ndiyo maana nasema hapana. Zile saa za jioni unazotaka niziuze zina wenyewe. Shemeji yako Elia ameanza tena kunisimulia vituko vya wanafunzi wake, na watoto wamezoea kwamba nikifika nyumbani nimefika. Nikizitoa kwa kampuni yenu, kesho nitakwenda kusoma meseji ya wafugaji nikiwa nimechoka, na nitakuwa nimewadanganya watu niliowatazama usoni.

Sasa nikugeukie wewe. Uliniambia mwenzako mmoja aliondoka na kazi yake ukabebeshwa wewe, na kwamba simu unalala nayo chini ya mto. Uliniambia kwa kujisifu kidogo, nilisikia. Krismasi mbili umetuahidi kuja, na mbili umeahirisha kwa sababu ya kazi. Mdogo wangu, hayo ndiyo niliyokuwa nayasikia kwa Shija. Nenda kwa mkubwa wako wiki hii, mwambie kazi ya watu wawili inataka watu wawili, na umwombe likizo ya Desemba. Akikataa, mwulize tena kesho yake. Utaona dunia haianguki, na ikianguka kidogo, wewe hutakuwa chini yake.

Mimi likizo yangu nimeshaiomba na nimekubaliwa. Nitakuja kukupokea uwanja wa ndege Mwanza. Nitumie tarehe ya kufika kabla mwezi wa kumi na moja haujaisha. Usipoituma, nitampa Mama simu akuombe yeye, na sitakata mpaka umjibu kwa sauti yako.

Baba anakusalimu na anataka kujua kama huko wanapanda kitu chochote cha maana. Mama anakusalimu, amesema ule. Baba mdogo Mayala na nyumba yake yote, Elia na watoto, na Shija na Joyness pia, wote wanakusalimu. Mungu akulinde uendako na urudiko, akupe usingizi mzito na uamke una nguvu.

Ni mimi dada yako, nisiyechoka kukupenda,

Scola