Ugali ndani ya bomba

Pude, uko wapi? Nimemwogesha mama mkwe ugali. UGALI, Pude!

Jana kafika kutoka kwake Mamba, kaonja ugali wangu tonge moja, kausukuma. "Mbichi. Nyie wasomi mnakoroga tu."

Asubuhi bomba la shaba la hita ya bafuni likavuja kwenye kiungo. Nikasema nalehemu mwenyewe.

Unajua bomba likiwa na maji, risasi ya kulehemu haishiki. Fundi aliwahi kuniambia nizibe ndani kwa mkate, ukimaliza unalainika na kutoka wenyewe. Mkate watoto walishaumaliza. Nikaziba kwa kiporo cha ugali wa jana, nikawasha moto wa gesi.

Kiungo kimeshika, hakuna hata tone! Nikajidai: "Mama, maji ya moto tayari, kaoge."

Akaingia bafuni, akafungua bomba la juu. Paa! Halafu, "Mama Doto! Njoo hapa!"

Nimemkuta kajifunga kanga, madonge kichwani, madonge mabegani. Nikajua leo anapanda gari kurudi kwake. Akachukua donge, akaliminya kwa vidole, akanitazama.

"Sasa huu umeiva."

Pude, kanisifia! Ndoa nzima, leo ndiyo mara ya kwanza!