Kibanja cha Ijumbi Usikihame

Uingereza

Dada yangu Koku,

Pokea salamu zangu za heshima. Mgongo unaendeleaje, na mibuni imeipokea mvua vizuri? Mimi ni mzima, ila mimi na baridi ya huku tumeshindwa kuzoeana.

Nilicheka sana uliponiandikia kwamba mama jirani amesikia nasomea kodi, akaenda kuficha mbuzi wake. Mwambie awatoe. Mimi sitozi mtu kodi. Nachunguza kodi za makampuni na za watu walioweka fedha zao humo, nijue hasa zinamwumiza nani.

Majuzi mwalimu wetu mkuu hapa chuoni alisema kodi ya kampuni hulipwa na kampuni yenyewe. Nikanyoosha mkono. Nikamweleza habari za yule mnunuzi wa kahawa pale Muleba: kodi ilipopanda, yeye alinunua motokaa mpya, akapunguza bei yetu, na sisi tukanywa chai bila sukari mwaka mzima. Darasa zima likacheka. Mwalimu hakucheka. Akasema, "Andika hayo." Nikaandika miezi mingi, na sasa chuo kinataka nibaki hapa niwe mwalimu. Dada, nililia kwa furaha, nikamshukuru Mungu.

Kisha nikajiuliza swali lilelile juu yangu mwenyewe: hasa aliyelipa ni nani? Watu husema marehemu Baba ndiye aliyenisomesha. Lakini aliyeacha shule darasa la nne akachume kahawa, ili mimi niendelee, ni wewe. Sijawahi kukushukuru hata siku moja, na naona aibu. Asante, waitu, dada yangu mpenzi, asante sana.

Sasa baba mdogo ameniandikia kwamba mrithi asiporudi, kibanja, yaani shamba na nyumba alivyotuachia Baba, atakichukua yeye, nawe utafute pa kwenda. Kazi nimeikubali, sirudi upesi. Ndiyo maana humu kwenye bahasha kuna karatasi ya pili, ya kuwapa wazee wa ukoo. Nimeandika kwamba mrithi ni mimi, ni mzima, na nimekuweka wewe ukae humo, uvune na kuuza, maisha yako yote. Mchungaji aisome mbele yao wote, na baba mdogo awepo.

Nisalimie mchungaji, mama jirani, na baba mdogo pia. Sina kinyongo naye.

Najua utaona haya kusema mbele ya wanaume wale. Usiseme kitu. Wape karatasi, kisha urudi nyumbani ukapalilie migomba yako. Hakuna wa kukutoa.

Mdogo wako akupendaye,
Rwegoshora