Mtaro Tuliouhamisha Wenyewe

Jumatatu, 3 Juni 1996

Nimefagia. Nimemwagia mboga yangu ya sukuma maji. Chai iko kwa jiko. Baridi ya leo inaingia mpaka kwa mifupa.

Nduku ametoka kazi, amekaa kwa stuli, anaandika vile naongea. Ni msichana wa Machakos, mlango wa pili kutoka kwangu, anapiga taipu kwa ofisi ya wakili. Mimi sikusoma. Lakini hii diary kampuni ya mzee wangu ilileta Krismasi, vile walikuwa wanaletea Baba Wekesa kila mwaka, na Baba Wekesa tulikuwa tumemzika Novemba. Aliwaendeshea lori mpaka macho ikaharibika. Karatasi zote tupu. Nikasema basi nitaijaza mimi. Nimekataza Nduku kunirekebisha. Nikisema ujinga, aandike ujinga.

Leo nimeenda ofisi ya nyumba. Hii nyumba ni ya jiji, imeandikwa jina la marehemu. Wanataka barua ya chifu, iseme mimi ni bibi yake na ninaishi hapa. Niilete kabla ya Ijumaa tarehe ishirini na nane. Nisipoleta, nyumba inapewa mtu mwingine. Karani alisema hivyo akikula ndizi.

Barua ya chifu ni kitu kidogo. Kesho kutwa nitakuwa nayo.

Jumatano, 5 Juni 1996

Sina barua.

Huku tuko na machifu wawili, wa juu na wa chini. Wa juu ndiye wangu tangu zamani. Sasa ako na ramani mpya kwa ukuta, imetolewa kwa picha ya ndege. Mpaka wake na chifu wa chini ni mtaro. Kwa hiyo ramani mtaro iko mbele ya nyumba yetu, kwa hivyo sisi tuko upande ule mwingine. Aliweka kidole hapo. "Mama Wekesa, wewe si wangu. Teremka chini."

Nikamwambia ulikunywa chai yangu kwa matanga. Akasema chai ni chai, ramani ni ramani. Nilikasirika mpaka nikasahau mwavuli yangu huko.

Ijumaa, 7 Juni 1996

Chifu wa chini ako na ramani ya zamani. Imekunjwa mpaka imekatika, imeshikwa na selotepu. Kwa hiyo yake mtaro iko nyuma ya nyumba yetu. Kwa hivyo mimi ni wa juu. Alinionyesha kwa upole, hata aliniitia kiti.

Huyu hanitaki na yule hanitaki. Na hakuna mwenye amedanganya, hiyo ndiyo inaniuma.

Nduku ameuliza mtaro moja inakaaje nyuma na mbele. Nimemwambia afunge kitabu.

Jumapili, 9 Juni 1996

Kanisani nilikaa tu kama gunia. Mahubiri sikusikia. Wacha niseme, nitoe hii kitu kwa roho.

Ile mwaka ya mvua mbaya, mtoto wangu Wekesa alikuwa bado anatambaa. Maji ilikuwa inateremka kutoka juu, inapita ndani ya nyumba ndio ifike kwa mtaro nyuma. Ndani! Sufuria zinaelea. Mtoto nimemweka juu ya meza, analia, mimi nachota maji na karai. Tulienda kusema kwa ofisi, mara ya kwanza, mara ya pili. Hakuna mtu alikuja. Wanaume wako kazi. Basi sisi wanawake wa hizi nyumba nne za mstari wetu tukachukua majembe. Siku tatu. Mimi mbele, sababu mdomo yangu ni kubwa na mtu lazima aanzishe wimbo. Tukachimba mtaro mpya mbele ya milango, maji ikashikwa huko kabla ifike kwetu. Ile ya nyuma tukajaza majivu na takataka. Leo ndiyo shamba yangu ya sukuma.

Nani alituambia ni mpaka wa serikali? Sisi tulijua ni maji chafu. Ndege ikakuja kupiga picha miaka mingi baadaye, ikaona mtaro yetu.

Wenzangu, mmoja alikufa, mmoja akarudi kwao Siaya, mmoja sijui alihamia wapi. Nimebaki mimi. Wakitafuta mwenye alihamisha mpaka, watashika nani? Naogopa. Sitaki kulala seli na hizi magoti.

Nduku ameweka kalamu chini. Ameniongezea chai.

Alhamisi, 13 Juni 1996

Juu. Chini. Juu tena. Mwavuli nimerudishiwa, barua hapana. Akala yangu ya tairi, ya soko ya Kariokor, imeisha kisigino. Sina hamu ya kula.

Jumanne, 18 Juni 1996

Leo kumekuja mama mmoja wa kupima ardhi. Amevaa gambuti za matope, ako na ile darubini ya miguu mitatu. Wanamwita Madam Auma. Watu wakaingia kwa nyumba wakafunga milango, walifikiri ni wa kubomoa. Mimi nilibaki nje, nilikuwa nachambua maharagwe.

Alisema ati kila ofisi ya serikali ilichora ramani yake. Watu wa mashamba na yao, watu wa nyumba na yao, watu wa maji na yao, na hakuna mwenye anauliza mwenzake. Sasa wameambiwa wakae pamoja watumie moja. Yeye anazunguka kuona ni wapi hizo ramani zinakosana. Akasema, zimekosana sana hapa kwako.

Halafu akauliza, vile vijana wanaita nyanya yao, "Shosho, hii mtaro imekuwa hapa siku zote?"

Nikasema sijui.

Jembe yenyewe iko nyuma ya mlango. Aliiona kabisa.

Jumatano, 19 Juni 1996

Siku tisa zimebaki. Ningesema jana ingekuwa imeisha. Mimi mwenye naongea mpaka kwa foleni ya maji watu wananihepa, siku ya kuongea nikanyamaza. Aibu tupu.

Alhamisi, 20 Juni 1996

Nduku, andika hii mzuri.

Nilimtafuta Madam Auma asubuhi. Nilimpata njia ya Kariobangi, karibu na wale wa kuchomelea milango ya chuma. Nikamshika mkono kama mtoto, nikamleta mpaka nyuma ya nyumba, nikamwonyesha sukuma. Nikamwambia yote. Mvua, majembe, wimbo, majivu. Nikamaliza nikasema kama ni kunishika, nipe dakika nianue nguo kwa kamba.

Akachukua fimbo ya chuma akadunga kwa shamba. Majivu. Akadunga tena. Mawe ya ile mtaro ya kwanza, bado yamepangwa. Akacheka mpaka akakaa chini, gambuti na zote. Nilikasirika. Halafu hata mimi nikacheka, sijacheka hivyo tangu Novemba.

"Shosho," akasema, "nyinyi mlihamisha maji. Mpaka haikuenda mahali."

Ati ule mstari wa mpaka uliandikwa mtaro ikiwa nyuma, na unabaki hapo mpaka serikali yenyewe iandike ingine. Kwa hivyo mimi ni wa juu. Hakuna mtu atafungwa. Akaandika jina langu kwa kitabu yake, mimi ndiye nimeeleza. Nimekula ugali mara mbili.

Jumanne, 25 Juni 1996

Machifu wote wawili wamekuja kwangu, kila mmoja na ramani yake kwapani. Madam Auma akatandika zote kwa meza yangu, akaweka juu karatasi ingine ile ya kuona ng'ambo, akapitisha mstari mmoja nyuma ya nyumba nne. Akasema kutoka leo ni hii, kwa kila ofisi. Walibishana kidogo, wanaume lazima.

Chifu wa juu akaniuliza nani alitupatia ruhusa ya kuchimba.

Nikamwambia, "Maji, chifu. Ilikuja kabla ya ofisi."

Alikunja ramani yake. Halafu akauliza kama chai iko. Aliandika barua hapo hapo, juu ya ile meza niliwekea Wekesa. Muhuri amesema nifuate kesho.

Ijumaa, 28 Juni 1996

Nimepeana barua. Karani ni yule wa ndizi. Nikaweka kidole kwa wino. Akasoma jina langu mahali palikuwa na la Baba Wekesa. Nikamwambia asome tena. Akasoma.

Mwili imekuwa nyepesi. Nilitembea kutoka ofisi, nikapita Muthurwa mpaka hapa bila kujua.

Jumapili, 30 Juni 1996

Wamepiga chuma moja fupi ya mpaka katikati ya shamba yangu, na simiti kidogo. Nisiguse. Sitagusa.

Baada ya kanisa nimechuna sukuma. Nilisimama kwa chifu wa juu, nikachuna ya chifu wa chini. Tumekula na Nduku.

Mvua ndogo imeanza. Inapita mbele, kwa mtaro yetu. Mlango nimewacha wazi nisikie.