Udongo wa Shamba la Juu

Huruma, Nairobi

Kaka yangu mpendwa Kyule,

Salamu nyingi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na nyumba yako yote. Goti la mama bado linamsumbua, au dawa ya kuchua imemsaidia? Mwambie namuwaza kila niamkapo.

Ule udongo uliotuma na basi ulifika. Mume wangu Muturi aliufungua mbele yangu, akacheka kwamba watu wa kwetu wananitumia matope. Uliuliza kwa nini mvua inalikomba shamba la juu ilhali matuta ni yale yale ya baba. Nilitia bonge la shambani katika glasi ya maji, likamumunyuka papo hapo, maji yakawa kama uji. Lile ulilolichimba pembeni, penye nyasi zisizoguswa na plau, lilikaa zima hadi jioni.

Kazini tulikuwa tukilipima jambo hilo. Kuna kuvu inayoishi na mizizi, yenye nyuzi nyembamba kuliko unywele. Hutoa protini inayonata, nayo hushikanisha chembe za udongo. Mkilima kila msimu mnazikata nyuzi hizo, na gundi inazidi kupungua. Basi pandeni kwa mashimo, mwache mizizi na mabua ardhini. Itachukua miaka, lakini udongo utashika.

Ulitaka niupeleke maabara. Ulipopiga simu, Muturi alikwambia nimebanwa na kazi. Kaka, sina kazi. Tangu Pasaka sijavuka mlango huu. Alimwambia mkubwa wangu kwamba nimeacha, simu yangu anatembea nayo, na akienda kwenye buchari yake ya nyama katika soko la Burma hufunga mlango wa chuma kwa kufuli. Nilimweleza mchungaji alipotutembelea. Akaniombea nipewe uvumilivu.

Nilidhani nitazoea. Jana nilijikuta nikimwomba ruhusa ya kufungua dirisha, nikaogopa kuliko siku ile aliyonipiga.

Barua hii nimempitishia jirani yangu Adongo kwenye nondo za dirisha, naye atampa dereva wa basi la Kitui. Amekwisha kuongea na fundi wa kuchomelea. Jumamosi asubuhi, Muturi akishatoka, watakata kufuli. Lakini nisipomkuta mtu wa kwetu hapo chini ya ngazi, Muturi atanifuata na kunirudisha ndani kwa maneno matamu. Njoo na mjomba. Usipige simu, wala usijibu.

Wasalimu watoto. Mama usimwambie lolote mpaka anione kwa macho yake.

Ni mimi dada yako,
Nzilani